Uso Wangu Si Tangazo la Dada Yunisi

Jumapili jioni, mwezi wa saba. Bumbuli.

Ukungu umeshuka tangu alfajiri na haujaondoka. Nguo nilizoanika juzi bado mbichi, kuni zinatoa moshi badala ya moto, na mimi nina hasira. Si hasira ya kupita. Ni ile ambayo ukiosha vikombe vinagongana vyenyewe.

Uso unaniwaka. Naandika nikiwa nimejipaka mafuta ya mgando mpaka kwenye nyusi, nang'aa kama andazi lililotoka kwenye karai, na simu inaniteleza mkononi. Nilichokifanya leo kanisani wameshakijua hata wale ambao hawajaja kanisani tangu Pasaka. Bora niandike mwenyewe kabla hakijafika Soni kikiwa na mkia na pembe.

Nianze na Dada Yunisi.

Yunisi ni dada yangu mkubwa, tumbo moja. Anatengeneza mafuta ya kupaka. Parachichi huku kwetu zinaoza chini ya miti, na yeye aliona fursa ambayo wengine hatukuiona: anakamua mafuta yake, anachanganya na nta ya nyuki, anatia na mafuta ya mdalasini anayoletewa kutoka upande wa Sigi ili yanukie, kisha anajaza kwenye vikopo vidogo vyenye picha ya mlima na maneno "Asili Tupu". Nilijivunia sana. Mimi mwenyewe ndiye niliyemchapia hizo karatasi za kubandika, pale dukani kwetu kwenye steshenari.

Ngozi yangu sasa. Ngozi yangu hukasirika haraka kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Tangu nikiwa mdogo, kipupwe kikiingia mashavu yangu yanakauka, yanapasuka, yanatoa magamba kando ya pua. Sabuni yenye harufu inanichoma. Sweta la sufi linaniwasha shingo. Shuleni waliniita Kenge, na waliobuni jina hilo wote nawakumbuka.

Kwa hiyo mwezi wa tatu, Dada aliponiletea kopo na kusema, "Jaribu hili, mdogo wangu, nimeliboresha," nilipaka asubuhi na jioni. Baada ya muda mfupi tu nilikuwa mtu mwingine. Magamba yakaisha. Mashavu yakawa laini, meupe kidogo kuliko shingo, yanateleza kama bilauri. Wateja wakija kutoa kopi wananiuliza natumia nini. Dada akanipiga picha mlangoni kwake, akaiweka kwenye stetasi pembeni ya ile ya zamani ya magamba. Kabla na baada. Nilicheka kama mjinga.

Halafu, mwezi wa nne, ukaja mnada.

Asiye wa huku nimweleze kidogo. Kanisani kwetu wanaokosa fedha hutoa walichonacho: kuku, mkungu wa ndizi, mayai, kabichi, kikapu cha maharage. Ibada ikiisha tunatoka nje na vitu vile vinapigwa mnada, na fedha inaingia kwenye sadaka. Ni sehemu tamu ya Jumapili kuliko hata kwaya, Mungu anisamehe. Na mara nyingi anayeshinda hachukui kitu nyumbani. Anamtunuku mtu: mjane, mgonjwa, mama aliyejifungua. Watu wanapiga makofi.

Dada Yunisi akatoa vikopo vyake. Mzee Zakaria ndiye hunadi kila wiki, mzee wa kanisa mwenye sauti inayosikika mpaka bonde la pili. Akainua kopo juu.

"Haya, haya! Nani anataka ngozi ya mtoto mchanga? Mwoneni huyu binti wa steshenari! Simama, mwanangu, wakuone!"

Nikasimama. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto. Vikopo vyote vikaondoka, na cha mwisho mwalimu mmoja wa kwaya akakinunua akamtunuku Mama Gloria.

Mama Gloria ni mgeni huku. Ni mtu wa Njombe. Alikuja na mumewe aliyepata kazi kwenye shamba la chai, na yeye mwenyewe anachuma. Mtoto wao, Gloria, hajaanza hata kutambaa vizuri, na ana pumu ya ngozi: mashavu mekundu yaliyochubuka, viwiko vyenye ukoko, kilio usiku kucha. Mama wa watu akapokea kopo kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kushukuru. Tukampigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu.

Sasa sikiliza.

Mwezi wa tano tulishuka Mnazi kwenye msiba wa baba mdogo. Kule chini ni joto, vumbi na upepo, na mimi katika haraka ya safari nikasahau kopo langu nyumbani. Siku chache tu bila kupaka, uso ukalipuka. Si magamba yale ya utoto, haya sikuwahi kuyaona. Wekundu, vipele vidogo vimejaa kuzunguka mdomo, moto kama nimepakwa pilipili. Maji ya kunawa yaliuma. Machozi ya msiba yaliuma. Shangazi zangu wakasema ni hali ya hewa ya bondeni. Niliporudi nikapaka mafuta ya Dada, uso ukatulia mara moja, na hapo ndipo nikaogopa. Mafuta ya parachichi hayana tabia hiyo.

Nikaenda Lushoto mjini siku daktari wa ngozi alipokuja kwa kliniki. Mama mmoja mtulivu, mwenye miwani. Aliniuliza napaka nini, nikasema mafuta ya parachichi tu, ya asili. Akauliza na nini tena. Nikasema hakuna. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto anayekataa kuwa amelamba sukari huku imemganda mdomoni. Akasema uso wangu umezoea dawa, na sasa unadai dawa yake. Steroidi kali, akasema, ile inayouzwa kwa tyubu. Akaongeza kwamba dawa yenyewe si shetani, hata yeye huiandika, lakini huchagua ukali wake, mahali pa kupaka na muda wa kuacha. Usoni, miezi, bila kujua? Akatikisa kichwa tu.

Alinieleza kwa lugha ya nyumbani. Ngozi ya juu ni kama nyumba ya kukandika. Seli ni fito, na kati yake kuna udongo, yaani mafuta ya ngozi yenyewe. Udongo ukibanduka, maji ya ndani yanatoka, na sabuni na vumbi na baridi vinaingia. Ngozi kama yangu ilizaliwa na udongo haba. Ile dawa inazima kelele za nyumba haraka sana, lakini ukiiendeleza inazidi kuzipunguza kuta. Nilikaa kwenye kile kiti nikijishika shavu.

Halafu akaniuliza naoga vipi. Jamani.

Naoga kama kila mtu wa huku anavyooga mwezi wa saba! Maji ya moto mpaka beseni linatoa mvuke, sabuni ya kipande ileile ya kufulia, dodoki mpaka ngozi iwe nyekundu ndipo ujue umetakata, kisha unakwenda kujikausha mbele ya jiko la kuni. Ukishakauka kabisa kama ubao, ndipo unakumbuka kupaka mafuta. Mama alitulea hivyo, na Mama alilelewa hivyo. Daktari alisema kila hatua katika hizo ni kubandua udongo. Nilikasirika naye pia, nikakasirika na dodoki, nikakasirika na bibi yangu ambaye hayupo duniani.

Kumbe shida si unapaka nini tu, ni unapaka lini, juu ya nini, na kwa utaratibu gani. Maji ya uvuguvugu. Dodoki hapana. Ukitoka unajigusagusa na kitambaa laini, unabaki na unyevu, na papo hapo, kabla hujavaa hata kandambili, unapaka. Kwanza krimu isiyo na harufu yenye glisarini, inayovuta maji na kuyashika, na ukipata yenye seramidi ndiyo heri zaidi, kwa sababu huo ndio udongo wenyewe unaorudishwa. Juu yake mafuta ya mgando, kidogo tu, ya kufunga mlango. Losheni nyepesi ya maji maji inakauka na kukuacha ulivyokuwa, hasa kwenye baridi hii. Ndimu hapana. Mafuta ya mdalasini kwenye ngozi iliyochubuka hapana, hata yakinukia namna gani. Na ile steroidi niache kwa mpango wake yeye, huku akinifuatilia, na akanionya kuwa uso utachafuka kabla ya kupoa.

Umechafuka kweli. Dukani watoto wa shule wananiangalia, halafu wanaangalia karatasi zao.

Nikaenda kwa Dada katikati ya wiki iliyopita. Nilimkuta jikoni akichuja mafuta kwa kitambaa. Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Hakuacha hata kuchuja.

"Tyubu? Natia. Tangu mwezi wa tatu natia. Bila ile ungepata uso ule? Parachichi tupu lingekung'arisha?"

"Dada, ile ni dawa."

"Si inauzwa dukani? Mbona hawanikatazi? Acha kuniharibia jina, mdogo wangu. Wewe ulivyong'aa hukuuliza kitu."

Hilo lilinichoma kuliko uso. Tulibishana mpaka sauti zikaisha. Mwishoni akaniahidi kwamba hatachanganya tena, vilivyobaki atavimwaga, na walionavyo atawaambia taratibu, kimyakimya, mmoja mmoja. Nilimwamini. Ni dada yangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda shule mvua ilipokuwa ikibomoa njia.

Leo nikafunga mtandio mpaka chini ya macho nikaenda kanisani.

Ibada ikaisha, tukatoka nje, ukungu umetanda hata msalaba wa juu hauonekani. Mzee Zakaria akanadi kuku, akanadi ndizi. Halafu akainama kwenye kikapu na kutoa kopo lenye picha ya mlima.

Nilimtafuta Yunisi kwa macho. Alikuwa ameangalia chini.

Mzee Zakaria akaanza nyimbo zake. Mara hii hakuniita mimi. Alimwita Mama Gloria, akamwambia amwinue mtoto watu waone matendo makuu. Na Mama Gloria akamwinua, akicheka, meno yote nje, mama aliyelala usingizi baada ya miezi. Mashavu ya Gloria hayakuwa na ukoko hata kidogo. Yalikuwa laini, meupe kuliko shingo, yanateleza. Nikasogea karibu. Chini ya ule mng'aro niliona vimishipa vyekundu, vyembamba kama nyuzi.

Ulikuwa uso wangu wa mwezi wa nne, kwenye kichwa cha mtoto mchanga.

Sijui nilifikaje mbele. Najua nilisema shikamoo kwanza, maana Mama alitulea vizuri, na Mzee Zakaria akaitika marahaba huku akitabasamu, akidhani nimekuja kuongeza ushuhuda. Nikafungua mtandio.

Mtu mmoja nyuma akasema "Yesu!" na hakuwa anasali.

Nikasema haya ndiyo mafuta yaleyale, na huu ndio uso uleule. Nikasema ndani yake kuna dawa kali ya tyubu ambayo haikuandikwa kwenye kopo. Nikasema waliopaka wasiache ghafla wala wasiendelee kimyakimya, waende hospitali na kopo mkononi, na wenye watoto waende kesho. Sikumtaja Dada kwa jina, kana kwamba kuna mtu asiyejua.

Mzee Zakaria alikuwa wa kwanza kupata ulimi. Aliniambia kwa upole, ule upole wa kukufukuza, "Mwanangu, hiki kimeshatolewa madhabahuni. Kimeombewa. Kilichotolewa kwa Bwana hatukisemi vibaya."

Na hapo ndipo nilipochemka kabisa, kwa sababu niliona vichwa vinaitikia. Hiyo ndiyo shida yetu. Kopo lilipopita kwenye ile meza ya sadaka halikuwa kopo tena. Hakuna aliyenusa, hakuna aliyeuliza kilichomo, hata mimi. Yai bovu tungelirudisha, kuku mgonjwa tungemkataa, lakini dawa ya ngozi ya mtoto tuliipigia makofi.

Nikamjibu, "Mzee, Mungu hatapaka. Atakayepakwa ni Gloria."

Mtu akacheka, akajizuia. Mzee Zakaria akashusha kopo polepole, akalirudisha kwenye kikapu, akainua kabichi. Akanadi kabichi! Mnada ukaendelea, na mimi nimesimama pale na uso wangu wazi kwenye baridi kama mtu aliyesahauliwa stendi.

Yunisi aliondoka bila kuniangalia.

Mama Gloria ndiye aliyenifuata, kule kwenye uzio wa michongoma. Nilidhani amekuja kunishukuru. Ujinga gani huo. Alikuwa ameshika mtoto kwa nguvu.

"Dada, sasa hivi analala. Unaelewa? Analala. Nilikuwa naenda kuchuma sijafumba jicho. Unataka aanze tena kujikuna mpaka damu?"

Nilimwambia kwamba akiendelea, itafika siku kopo halitatosha, na siku hiyo Gloria atakuwa kama mimi, ila yeye hawezi kusema panapouma. Nikamwambia kuna njia ya kumtuliza, ya taratibu, ya maji ya uvuguvugu na mafuta mazito juu ya unyevu, na daktari wa kuonyesha jinsi ya kuishusha dawa. Nikamwambia nitakwenda naye. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, na kama kweli ni sumu, je, aliyempaka ni nani kama si yeye mama yake?

Nikamwambia si yeye. Nikarudia. Sidhani alisikia. Aliondoka akipotea kwenye ukungu na kanga ya mtoto.

Nilipofika nyumbani Mama alishapiga simu. Alianza kwa Kiswahili, na mimi nikashukuru, halafu akahamia Kishambaa, na Mama akihamia Kishambaa katikati ya maneno ujue mahakama imekaa. Eti nimemvua dada yangu nguo mbele ya kanisa. Nimemwaga unga wa watoto wake. Ningemwita ndani, ningemwita kwa wazee, ningesubiri. Nikamwambia nilimwita ndani, Mama. Niliongea naye jikoni kwake. Akasema ningemwita tena.

Labda. Nimekaa na hiyo labda mchana wote.

Nikipoa kidogo nakumbuka kwamba Yunisi hana roho mbaya. Halafu namkumbuka Gloria aliyeinuliwa juu kama mkungu wa ndizi, na sipoi tena. Nina hasira na Dada aliyeniahidi akanitazama machoni. Nina hasira na maduka yanayouza tyubu kama yanauza pipi. Nina hasira na maneno "Asili Tupu" ambayo niliyachapa kwa mashine yangu, kwa wino mzuri, na bado yamebandikwa kwenye vikopo vilivyoko madirishani mwa watu. Nina hasira na ile picha ya kabla na baada, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweka picha ya tatu.

Basi naiweka hapa. Nimeipiga leo, mwanga wa mlangoni, bila kupaka kitu. Iangalieni vizuri, muichukue, mpelekeeni kila aliyeona zile mbili.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Ila simu imeita ujumbe sasa hivi. Ni Dada.

"Umefurahi?"

Sijafurahi. Nilitaka kumwandikia mengi, vidole vikawa vinateleza kwa mafuta, nikafuta yote. Nikamwuliza jambo moja tu, kwa sababu kopo la mnadani ni dogo na haliwezi kufika tangu mwezi wa nne mpaka leo. Nikamwuliza kama alimpa Mama Gloria jingine.

Halafu:

"Nilimpa. Alikuja usiku analia, mtoto anajikuna. Nilimpa bure. Vilivyobaki nilishindwa kuvimwaga, kwa ajili yake yeye."

Nimesoma mara nyingi. Nimelia, na machozi yameuma kwenye mashavu, nikajipangusa na kupaka upya. Bado nina hasira naye, tena nyingi. Lakini daktari aliniambia kwamba ili kumtibu mtu ni lazima ajue ni tyubu gani, kali kiasi gani, na mimi siijui. Mama Gloria haijui. Anayeijua ni mmoja.

Nimemwandikia: kesho asubuhi, kabla hawajaanza kuchuma, nitakuwa mlangoni kwa Mama Gloria. Njoo na tyubu.

Ameona. Hajajibu. Kesho nitagonga ule mlango hata kama nitagonga peke yangu.